Shibe ya Nasreen

"Nimeshiba, mama," Nasreen alisema, akausukuma uji wake wa jioni.

Haya, mtoto wa miaka saba akisema ameshiba, mama mtu humshukuru Mungu akaondoa bakuli. Dhahabu hakushukuru. Hii ilikuwa siku ya nne mfululizo.

Aliushika mkono wa mtoto, akaunusa. Samaki. Tena wa kukaanga, aliyekamuliwa ndimu.

"Samaki umemla wapi?"

"Shule."

"Kakupa nani?"

Nasreen akainamisha kichwa. Dhahabu alijua vizuri alichokitia kwenye mkebe wa chakula wa mtoto asubuhi ile, na hakikuwa samaki.

"Nasreen!"

"Abee, mama."

"Nakuuliza, kakupa nani?"

"Mwalimu Kiponda." Sauti ilikuwa ndogo. "Kengele ya chakula ikilia huniita. Twaingia stoo, kisha mlango wafungwa. Kaniambia nisiwaambie wenzangu."

Wallahi, Dhahabu aliingiwa na baridi mpaka kwenye kucha, na joto la Machi lilikuwa bado halijapungua ndani ya chumba. Nani pale mtaani Bofu asiyezijua habari hizi? Huanza na chakula, ikaja siri, ukaja mlango. Baadaye watu hujaa uani kwa mama mtu, kila mmoja akimuuliza kwani yeye alikuwa wapi.

"Amekugusa?"

"Hunimiminia maji ninawe."

Dhahabu hakuuliza tena. Aliogopa jibu.

Asubuhi alimvalisha mtoto sare, akaufunga ule mkebe wa buluu kama kawaida, akaupima mkononi. Uzito ulitosha. Akautia mkobani.

"Kaa pembeni, usiufungue mbele ya wenzio," alimwambia, kama alivyomwambia kila siku. "Watu wana macho."

"Najua, mama."

Mtoto alipoondoka, mama alivaa buibui aende shule. Akalivua. Akalivaa tena, akalivua tena. Si kwamba hakumpenda mwanawe, la! Ila ofisini kuna maswali. Mwalimu mkuu angeuliza hili na lile, na Dhahabu hakuwa mtu wa kuulizwa-ulizwa mambo ya nyumbani kwake. Tangu alipoachwa na mumewe, jirani hakuwahi kumsikia akiomba hata chumvi. Alifua nguo za watu, na wiki ambayo hakuitwa kufua alikaa ndani kimya, mlango ameurudisha.

Jua lilipokaribia utosini, woga mmoja uliushinda mwingine. Alijitanda leso yake kuukuu, ile iliyokatwa pembe, akatoka mbio.

Mwalimu mkuu, Bi Josephine, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Nasreen. Karibu kiti."

Dhahabu hakukaa. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimtoka yote kwa mpigo. "Mwalimu Kiponda amfanyani mwanangu kule stoo?"

Bi Josephine alivua miwani, akaiweka mezani polepole. Hakushtuka, na hapo ndipo Dhahabu alipozidi kuogopa.

"Kumbe wajua!" Dhahabu alisema.

"Najua. Ufunguo nilimpa mimi."

Mwalimu mkuu mwenyewe! Sasa amshtaki nani, na kwa nani? Bi Josephine alikuwa anaongeza neno, lakini kengele ya chakula ikalia, na Dhahabu alikuwa ameshatoka.

Aliuvuka uwanja akipigana vikumbo na watoto wenye mikebe. Mlango wa stoo, kando ya jiko, ulikuwa umeshafungwa. Aliupiga kwa ngumi zote mbili.

"Fungua! Nipe mwanangu! Fungua, nasema!"

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Kiponda alisimama pale, mtu mwembamba mwenye mvi, mikono ya shati imekunjwa, jagi la maji mkononi. Nyuma yake Nasreen alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, sahani ya wali na samaki mapajani. Kando yake alichuchumaa Bi Mastura, mpishi wa walimu, akimtolea miba.

Dhahabu alimrukia mtoto, akampapasa kichwa, mabega, magoti. Mzima. Mzima kabisa, na shavu lina punje ya wali.

"Kama ni wema, mbona mwamficha?" alipiga kelele. "Mbona asile nje na wenzake, kila mtu amwone?"

Watoto walikuwa wamejazana mlangoni, shingo zimewatoka. Bi Josephine alifika akihema, akawatawanya, akaingia na kuufunga mlango nyuma yake. Bi Mastura aliangalia miba yake.

"Nilitaka kukuita, Mama Nasreen," Bi Josephine alisema mwishowe. "Kila siku nikashindwa nianzie wapi."

Mwalimu Kiponda aliuchukua mkebe wa buluu uliokuwa juu ya rafu, ambao haukuwa umefunguliwa, akautia mikononi mwa Dhahabu.

"Wiki iliyopita wenzake walimzingira, wakataka kuufungua kwa nguvu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikawahi."

Dhahabu hakuufungua. Mchanga aliuchota uani kwa mikono yake alfajiri ile, akaufunga fundo kwa ile pembe aliyoikata kwenye leso, ili mkebe uwe na uzito.