Pomboo Aliyejikana

Gongo, pomboo mkubwa mwenye ubabe, alimpiga Kinundu kila alipoingia ghubani. Kinundu alikuwa pomboo mdogo wa jamii nyingine, mwenye nundu mgongoni.

"Ghuba hii ni ya pomboo," Gongo alimwambia. "Wewe na hiyo nundu yako si pomboo."

Siku moja akaja Papa mwenye njaa. "Samahanini," akasema, "mganga ameniruhusu kula pomboo tu. Pomboo ni nani hapa?"

"Ni huyu," Kinundu akasema. "Mimi nimeambiwa si pomboo."

Gongo akadakia. "Hata mimi si pomboo."

Papa akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake.

Lakini jamaa za Gongo walikuwa wamesikia. Wakamtimua kwa vichwa na mikia hadi nje ya mwamba uliozingira ghuba, alikoishi Kinundu.

"Karibu," Kinundu akamwambia. "Huku hatuulizani."