Wazo Kuu la Ujumbe wa Mama

Siku hizo simu zilifupisha kila ujumbe kuwa sentensi moja, na hakuna aliyeusikiliza mzima. Mwalimu Nakijwa aliwashindanisha wanafunzi wake na simu katika kutafuta wazo kuu. Siku moja aliwasikilizisha ujumbe wa mama yake, ambao simu iliufupisha hivi: "Mama anaomba dawa ya magoti."

Walisikia habari za magoti, za mvua, na za kitanda cha Nakijwa kule kwa mama, kinachotandikwa shuka safi kila Jumamosi.

"Mwalimu," alisema Tumsifu, "haombi dawa. Anakungoja."

Wenzake wakakubali. Nakijwa aliinama kwa aibu, maana alikuwa amesoma ufupisho wa simu tu, na dawa alishatuma. Akarekodi ujumbe mrefu wa kuomba radhi, huku akilia.

Jioni mama akajibu: "Simu imeniambia umebanwa na kazi, mwanangu. Usijali. Dawa imefika."