Cheti Kilichochapwa kwenye Linux

Mwanaheri, mchapaji wa mtaa, alikuwa anasukuma chapati wakati afisa wa hati alipoingia bila kupiga hodi. Siku hizo, kwa sheria, hati iliyochapwa kwa programu ya Windows ndani ya kompyuta ya Linux ilihesabiwa haijawahi kuwapo.

"Cheti chenu cha ndoa ulikichapa mwenyewe?"

"Ndiyo. Mstari gani umekaa upande?"

"Programu yako ni ya Windows, kompyuta ni ya Linux, mama. Hakuna ndoa hapa."

"Ebo! Miaka kumi na tisa yote hii nimemfulia nani?"

Afisa alimgeukia Shomari, mumewe, aliyekuwa mezani. "Asante kwa taarifa yako, mzee. Sasa huyu tumwandike kuwa ni nani kwako?"

Shomari alivuta sahani, akachagua chapati ya moto.

"Mpangaji," alisema.