Kizibo cha Mkaguzi

Mkaguzi, kama walivyomwita wanywaji wenzake, aliinama na kizibo chake cha bia mkononi, akakuta mguu wa meza umekanyaga sakafu sawasawa.

Miaka kumi na moja alikuwa akikipachika kizibo hicho chini ya mguu huo mfupi, ndipo aanze kutoa hukumu. Baa ya ng'ambo ya barabara: bia baridi, ila wahudumu wamenuna kama wamefiwa. Ya kona: muziki wa kupasua masikio. Na hii ya Shangazi, mbovu kuliko zote, meza inachechemea! Kesho yake, huyo, wa kwanza mlangoni.

"Nimemleta fundi," alisema Shangazi, mwenye baa, mikono kiunoni. "Haya, sema sasa!"

Mkaguzi alikitazama kizibo, kilichosagika kikawa bapa kama sarafu. Sasa mtu utakunywaje bia huku mdomo hauna kazi?

Taratibu akauinua ule mguu uliopona, akakisukuma kizibo chini yake. Meza ikayumba, povu likamwagika.

"Baa gani hii!" akafoka, uso unang'aa. "Shangazi, meza yako inachechemea!"