Chupa ya Kulia

Kitwana aliinua pikipiki juu ya matofali uani kwake, akazifungua shokapu mbili za mbele ili abadilishe oili. Alikuwa na desturi ya kuipimia kila shokapu oili yake mapema, katika chupa ya soda iliyoandikwa upande wa shokapu hiyo, asije akakosea.

Shokapu ya kushoto ilitoa kikombe kizima cha oili nyeusi. Akaipindua ya kulia. Yalitoka matone matatu. Aliikagua sili yake, ule mpira wa kuzuia oili, akaiona nzima. Haikuwa imevuja popote.

"Shomvi yuko njiani," alisema mkewe, Siwema, akianika nguo. "Mama amesema lazima akuombe radhi kwa kuivunja pikipiki yako. Anakuja na magongo yake hivyo hivyo."

"Bado anasema usukani ulimcheza kwenye tuta?"

"Ameacha. Nani amsadiki mdogo wangu, na wewe fundi ulishasema ni mwendo kasi?"

Kitwana aliingia stoo kutafuta chupa za kupimia. Nyuma ya makopo ya rangi ilisimama moja, imejaa oili safi, imeandikwa kwa mkono wake: KULIA. Ilikuwa hapo tangu Ijumaa ile, kabla ya ajali, alipoiacha kazi ya kubadilisha oili katikati, akawahi msikitini.

Magongo yaligonga sakafu ya baraza.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," alijibu Siwema.

Kitwana alitaka kuirudisha chupa nyuma ya makopo. Kwenye vumbi la chupa, vidole vyake vinne vilikuwa vimeshajichora.