Kwako Ikoje?

Tangu riwaya zianze kujibadilisha kufuata moyo wa anayezisoma, hakuna anayeuliza tena kama kitabu ni kizuri. Tunaulizana, "Kwako ikoje?" Kisha tunalinganisha na kucheka.

Mama nami tulikuwa na riwaya moja, ya fundi cherehani wa Tanga aitwaye Mwanasiti. Jumamosi tulikaa jikoni tukichambua mchele.

"Kwangu ameolewa na yule mwalimu," nikasema. "Anamchosha, lakini wanavumiliana."

Mama akacheka. "Kwangu alimkataa mchana kweupe. Akafungua duka lake Unguja, na sasa anasafiri anapotaka. Akiamka Muscat, hakuna wa kumuuliza amelala wapi. Mwanangu, sijawahi kusoma kitabu kitamu namna hii."

Siku nyingi sikuwa nimemsikia akiongea hivyo. Macho yalimng'aa, na mkono wake ulikuwa umeusahau mchele. Nikataka kujua zaidi.

"Na yule binti yake je? Kwangu ndiye anayenifurahisha kuliko wote. Mjuaji, maswali hayamwishi."

Mama akainamia ungo. Akatoa kijiwe, akakiweka kando, akaendelea kutafuta kingine kwenye mchele uliokwisha kuwa safi.

"Kwangu bado sijafika huko," akasema.

Nikaitikia tu. Asubuhi ile ile, tukinywa chai, alikuwa ameniambia kwamba amekimaliza kitabu, na kwamba anakianza tena.