Magauni ya Kurudisha

Tunu aliagiza mtandaoni magauni matatu ya saizi tofauti, ili avae moja kwenye arobaini ya msiba wa dada yake na kurudisha mengine, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwenye bodaboda alipokuja kuyachukua mawili ya kurudishwa, Tunu akamwuliza, "Haya yatauzwa tena?"

"Wapi, mama! Tunayapeleka jalalani yakachomwe. Wenye duka wanasema kuyakagua upya ni hasara."

"Jalala lipi?"

"Lile la nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Huko ndiko alikokuwa akiishi dada yake, akikohoa miaka mitatu mpaka kifua kikamshinda.

Tunu akauchukua tena mfuko wa magauni. "Acha, nitabaki nayo."

Mwanamume yule alipoondoka, Tunu aliketi kizingitini, magauni mapajani. Ng'ambo ya mapaa, moshi ulikuwa ukipanda polepole.